Povu Kwenye Kiti cha Mbele

Swali lenyewe lilinitoka bila kupitia akilini, jambo ambalo kwa mtu wa aina yangu ni nadra. Nilikuwa nimepeleka gari langu dogo, lililopita katika mikono mingi kabla ya kunifikia, kwa fundi wa viyoyozi katika barabara ya vumbi nyuma ya Ngong Road, si mbali na Woodley ninakopanga. Kiyoyozi kilikuwa kimeanza kupuliza hewa ya uvuguvugu. Fundi, kijana mwenye ovaroli safi kuliko nilivyotarajia, alifungua boneti, akachovya sifongo katika ndoo ya maji ya sabuni, akaanza kupaka povu kwenye viungo vya mabomba ili aone gesi inatorokea wapi. Harufu ikanifikia: sabuni ya unga, chuma cha moto, na chini yake ule utamu hafifu wa mafuta ya kompresa ambao sikuwa nimeunusa tangu utotoni. Nikasimama pale na mkoba wangu wa vitabu, nikiwa na furaha ya mtu anayeitambua kazi. Nikataka fundi ajue kwamba mimi si mgeni wa mambo haya.

"Na kwenye viti mnapaka saa ngapi?" nikamuuliza.

Akageuka. "Viti gani, madam?"

"Vya gari. Kutafuta inapovuja."

Alinitazama aone kama natania. Kisha akamwita mwenzake aliyekuwa amelala chini ya pikapu ya jirani. "We, kuja uskie. Ati viti huvuja."

"Labda mtoto akikojoa," sauti ikajibu kutoka chini ya pikapu, na wote wawili wakacheka, kicheko kisicho na ubaya wowote.

Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa kitambo, kama mtu anayeendelea kutembea baada ya kuchomwa na mwiba, kabla maumivu hayajapanda. Kisha yakapanda.

Nasomea historia, katika ngazi ya uzamivu. Kazi yangu ni kumhoji shahidi: alisimama wapi, aliona nini hasa, alitamani kuamini nini. Miaka yote hii sijawahi kumhoji mtoto niliyekuwa. Mtoto huyo alinikabidhi picha moja, nami nikaipokea kama ilivyo na kuihifadhi: baba yangu ameinama ndani ya gari la kijani, anapaka povu la sabuni kwenye kiti cha mbele, anatafuta mahali baridi inapovujia. Nimewahi hata kuisimulia mezani, mbele ya wanafunzi wenzangu, kama mfano wa fundi ambaye hakuacha kazi njiani, aliyepima gari hadi viti. Walitikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyeniuliza kiti kinavujaje.

Tuliishi Uthiru, upande wa juu wa Waiyaki Way, katika vyumba viwili vya mabati vilivyoegemea ua ambao baba aliufanyia kazi. Baba hakugusa injini wala breki. Alishughulika na baridi tu. Mitungi yake ya gesi ilipangwa ukutani chini ya turubai, na kando yake zilining'inia geji mbili za kupimia gesi, zenye mipira yake, mmoja wa bluu na mwingine mwekundu. Mimi niliamini kwamba baridi yenyewe ilikuwa imefungiwa ndani ya mitungi ile, baridi ya mahali fulani iliyokamatwa na kuletwa mjini, na kwamba baba alikuwa muuzaji wake pekee.

Wateja walimwita Fundi, na mama naye alimwita hivyo hivyo, kwa utani ambao baadaye ukawa jina. Naye baba alimwita mama Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amefundisha watoto wadogo katika shule ya chekechea ya kanisa mpaka maradhi yalipomrudisha nyumbani. Walikuwa wametoka magharibi pamoja wakiwa vijana, na kuitana kwa vyeo, nadhani, kuliwapa hisia kwamba mji huu ulikuwa umewatambua.

Fundi alikuwa na hotuba moja aliyomhubiria kila mteja. "Gesi si petroli," angesema, huku akiifuta mikono. "Petroli inachomeka. Gesi inazunguka tu, inarudi pale pale. Gesi haiishi. Ikipungua, kuna mahali imetoka." Mjini walikuwapo wengi ambao wangekujazia gesi juu ya tundu na kukuaga kwa tabasamu, wakijua utarudi. Yeye alitafuta tundu kwanza. Alipaka povu kwenye kila kiungo, kisha akatulia, akapunguza hata pumzi yake, akingoja. Mahali palipovuja, povu lilivimba likawa kiputo kimoja, kikakua polepole. Alikiita jicho. "Jicho likifunguka," alinifundisha, "hapo ndipo." Mimi nilikuwa na macho makali kuliko yake, na neno lile nililipenda kulitamka kwa sauti mbele ya wateja: jicho, baba, jicho limefunguka.

Baada ya kuziba, alivuta hewa yote kwa pampu, akaunganisha mtungi, akawasha injini na kufungua koki. Gesi ilipokuwa ikiingia garini, mtungi wenyewe uliganda, ukavaa ngozi nyeupe ya barafu katikati ya jua la Januari. Ilibidi ausimamishe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu ili gesi isigome. Kisha ikaja sehemu ya mwisho, ambayo yeye aliitilia maanani kuliko zote: kupima. Alichomeka kipimajoto katika tundu la hewa la katikati, akafunga madirisha yote, akaiacha injini ingurume. Lakini kipimajoto peke yake hakikumtosha. Alishikilia kwamba gari halitoki uani mpaka likaliwe na mtu, kwa muda wa kutosha, kwa sababu hewa inaweza kuwa baridi tunduni na isiufikie mwili. Kwa kawaida alikaa mwenyewe. Siku moja wateja walikuwa wamembana, akamwomba mama akae badala yake.

Moyo wa mama ulikuwa umechoka kusukuma. Ndivyo walivyotueleza hospitalini, na hayo ndiyo maneno niliyoyaelewa. Alilala akiwa ameketi, mito ikiwa imepangwa nyuma yake. Vifundo vyake vya miguu vilivimba hadi kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Mchana, mabati yalipowaka, hewa ya chumbani iligeuka kitu kizito ambacho yeye alilazimika kukinyanyua kwa mabega kila alipovuta pumzi. Siku ile alikaa ndani ya gari la mtu kwa muda wa kupima tu. Aliposhuka, mabega yake yalikuwa yametulia. Alisimama karibu na mlango, mkono juu ya kifua, kama mtu aliyesahau kitu na sasa anakikumbuka.

Kuanzia hapo, kila gari lilipofikia mwisho wa kazi, Fundi alikwenda mpaka mlangoni petu na kusema kwa sauti ya kiofisi kabisa: "Mwalimu, gari liko tayari kupimwa." Hakumwambia njoo upoe, wala njoo upumzike. Alimwita kazini. Na mama alijiandaa kama anayekwenda kazini. Aliosha miguu, mara zote, hata kama alikuwa ameoga muda mfupi uliopita, kwa sababu zulia la gari ni la mwenyewe. Alijifunga leso safi. Aliketi kiti cha mbele cha abiria na kufunga mshipi, ingawa gari halikuwa likienda popote.

Mimi nilikaa nyuma, nikiinama katikati ya viti ili nisome kipimajoto.

"Tumefika wapi?" mama angeuliza, macho yamefumbwa.

Huo ulikuwa mchezo wetu. Kila Krismasi tulisafiri kwenda magharibi, na barabara ile tuliijua kwa ngozi: jinsi baridi inavyokuanza Limuru, inavyolegea ukiteremka Nakuru, na inavyokungojea Timboroa, ambako kioo cha basi huwezi kukiegemea shavu. Kwa hiyo tuliusoma ule mstari mwekundu kama safari. Ukianza kushuka, nilitangaza Limuru. Ukizidi, nilisema Mau. Na ulipofika chini kabisa, pale ambapo Fundi aliridhika na kazi yake, nilisema Timboroa, na mama akajibu, "Haya, nivalishe sweta," ilhali hapakuwa na sweta, na alicheka bila kukohoa. Kucheka bila kukohoa. Wakati huo hilo lilionekana kuwa jambo dogo.

Nilielewa mambo kwa namna yangu. Niliamini kwamba gesi ndiyo dawa, na kwamba vidonge vya hospitali vilikuwa vya kuisindikiza tu. Kwa hiyo katika sala ya jioni, nilipofikia maombi yangu binafsi, nilimwomba Mungu ayatoboe mabomba ya magari ya watu, hasa ya watu wa mtaa wa Karen, ambao magari yao yalikuwa makubwa na baridi yake nyingi.

Mama alinisikia. "Usiwaombee watu hasara," akasema.

Nikafumba macho tena.

"Omba kidogo tu," akaongeza.

Sala ikajibiwa, kwa sababu mwenye gari la kijani alikuwa wa Karen. Sitamtaja, na jina lake kwa kweli silijui. Sisi tulimwita Madam. Yeye ndiye aliyempeleka Fundi kwa rafiki zake, na kila alipokuja aliniletea kitu: vitabu vya hadithi vyenye majina ya watoto wengine kwenye ukurasa wa kwanza, na masweta yaliyonitosha mwaka uliofuata. Alimwita baba "fundi wangu." Viti vya gari lake vilikuwa vya kitambaa, rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo. Nilimpenda. Nalisema hili kwa sababu ni sehemu ya ushahidi: mtoto aliyeniachia ile picha alimpenda yule mwanamke, na hakuwa na sababu yoyote ya kumchunguza.

Siku ya picha ile Madam alikuwa ameacha gari asubuhi, na alitarajiwa jioni. Fundi alipata tundu kwenye kiungo kilichojificha nyuma ya taa, akaliziba, akajaza gesi, na mchana, jua likiwa limesimama juu ya mabati, akaja mlangoni kumwita Mwalimu kazini. Siku hiyo mama alikuwa na hali mbaya. Aliegemea ukuta mara kadhaa kabla ya kufika garini. Miguu alikuwa ameiosha. Alifunga mshipi, nikasoma Limuru, nikasoma Mau, nikasoma Timboroa, na kabla sijapata jibu la sweta nikaona amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi kidogo, usingizi ambao sikuwa nimemwona nao kwa muda mrefu. Nikakaa kimya ili nisiuvunje.

Madam alifika kabla ya wakati, akiwa ameletwa na gari la rafiki yake. Alifungua mlango wa dereva, na mama akazinduka.

"Karibu, madam," mama akasema, kama mtu aliyekutwa sebuleni kwake. "Nilikuwa nampimia Fundi."

"Oh. Pole, mama. Sikujua kuna mtu."

"Nashuka."

"Hapana, hapana. Usishuke. Kaa tu, please."

Nilifurahi. Nikadhani, kwa kuwa mama alikuwa amefunga mshipi na Madam alikuwa upande wa usukani, kwamba sasa tungeendeshwa kweli.

Mama akakohoa. Kilikuwa kikohozi chake cha kawaida, kirefu, chenye maji ndani yake. Madam alirudi nyuma hatua, akavuta skafu yake, akaziba pua.

"Ni moyo, madam," mama akasema alipopata pumzi. "Moyo hauambukizi."

"Of course, of course," Madam akasema kupitia skafu. "Mungu atasaidia." Na huku akisema hayo alizunguka gari na kufungua milango, mmoja baada ya mwingine, yote, hata wa nyuma kabisa wa mizigo.

Joto likaingia kama maji. Kipimajoto kikaanza kupanda, nami nikafanya kazi yangu.

"Tumerudi Limuru," nikatangaza.

Mama akafungua mshipi.

Baba na Madam walizungumza karibu na lango. Sikusikia waliyoyasema, na sitayabuni. Nilisikia mwisho tu, walipokuwa wakirudi.

"Si kwa ubaya, Fundi. Ni kwa ajili ya watoto tu."

"Naelewa, madam."

Hoja ya mtoto ilikuwa safi. Ninaipitia tena na tena, na siioni ilipokosea hatua. Fundi alikuwa ametufundisha kwamba gesi ikitoroka ndani ya gari, ziba pua, rudi nyuma, fungua milango yote, waondoe watoto. Madam alikuwa ameziba pua, amerudi nyuma, amefungua milango yote, na alikuwa akiwataja watoto. Kwa hiyo gari lilikuwa linavuja. Na kwa kuwa baba alikwenda moja kwa moja kuchukua ndoo na sifongo, akakoroga sabuni na kuinama juu ya kiti alichokuwa amekalia mama, basi kilichovuja kilikuwa kile kiti. Hatua zote zilishikana. Msingi tu wa hoja ndio uliokuwa uongo, na msingi huo nilikuwa nimeuona kwa macho yangu mwenyewe.

Mama alikuwa ameshashuka. Aliketi kwenye kigoda mlangoni petu, akamtazama mumewe akisugua. Madam alisimama upande wa pili wa ua na rafiki yake, wamegeuza migongo kwa adabu, wakitazama mitungi.

"Sugua na hapo nilipoweka mkono, Fundi," mama akasema.

Baba hakuinua kichwa. "Mwalimu, tafadhali."

"Na mshipi. Nilikuwa nimeufunga."

Na baba akasugua pale mkono ulipokuwa. Akauvuta mshipi wote mpaka mwisho wake, akaupaka povu kutoka juu hadi chini, akaukamua ndani ya kitambaa. Mimi nilidhani mama anamsaidia kutafuta. Nilidhani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa, alikuwa amehisi baridi ikitoroka hapo na hapo. Nikasogea, nikapiga magoti kwenye kizingiti cha gari, nikakodoa macho yangu makali juu ya povu, nikingoja.

"Baba, jicho limefunguka?"

Alisugua.

"Baba?"

"Limefunguka," akasema.

"Wapi?"

Akaweka sifongo katikati ya egemeo, mahali mgongo wa mama ulipokuwa umelala. "Hapa."

Nikatazama. Niliona povu la kawaida, viputo vidogo vingi vinavyopasuka kama povu lolote linavyopasuka. Nikaona haya kwamba macho yangu, ambayo yeye aliyasifu, yalikuwa yameshindwa. Kwa hiyo nikasema, "Nimeliona."

Madam aliondoka akiwa ameshusha madirisha yote, ilhali kiyoyozi kilikuwa Timboroa. Nikadhani anakausha kiti.

Madam alirudi baadaye na magari mengine, tena akiyaleta mwenyewe. Hilo nalo ni sehemu ya ushahidi. Hakumnyima baba kazi. Aliendelea kuniletea masweta. Nimejaribu kumtetea, usiku na mchana tangu niliposimama kwenye ile gereji. Nimejiambia kwamba alikuwa na watoto, kwamba kikohozi kile hata mimi leo kingenishtua, kwamba angeweza kupiga kelele na hakupiga. Yote ni kweli. Ninachoshindwa kukimeza ni ule upole. Angetukana, mtoto angeelewa. Angeelewa siku ile ile, angemchukia mtu anayestahili, na angeacha kuvaa yale masweta.

Na baba. Huyu nimemtetea kwa urefu zaidi na kwa mafanikio madogo zaidi. Angeweza kusema ni moyo, mke wangu ameshasema ni moyo, na kiti ni kisafi kuliko viatu vyako. Angeweza kumwaga ile ndoo. Badala yake alisugua mpaka mshipi. Najua kazi ile ndiyo iliyotulisha. Kujua hakunisaidii.

Gari lililofuata lilipokuwa tayari, alikwenda mlangoni kama kawaida. "Mwalimu, gari liko tayari kupimwa."

"Mtume mtoto," mama akasema. "Mtoto hana harufu."

"Huyu ni mteja mwingine. Hana maneno."

"Nimesema mtume mtoto, Fundi."

Kwa hiyo nilipandishwa cheo. Niliosha miguu, nikafunga mshipi, nikakaa kiti cha mbele katika baridi ambayo sikuihitaji, huku mama akiwa kwenye kigoda chake nje ya kioo, akinyanyua mabega yake kwa kila pumzi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo hakuweza kunisikia. Nilimtamkia kwa midomo, polepole: Lim-u-ru. Ma-u. Na nilipofika Tim-bo-ro-a, alitikisa kichwa kukubali, akajifanya anavuta kola ya sweta shingoni. Nilidhani anafurahi kwamba mchezo unaendelea. Fundi naye alikuja kila mara kumwita, kwa kila gari, kwa sauti ile ile ya kiofisi, na kila mara alijibiwa vivyo hivyo, mpaka akaacha kuja mlangoni na kuwa ananiita mimi moja kwa moja kutoka uani.

Mvua ya masika ilichelewa. Mama hakuingoja.

Tulimpeleka magharibi kwa gari la kukodi, jeneza nyuma, baba mbele kando ya dereva, mimi katikati yao. Tulitoka mochari kabla ya alfajiri, tukapita Uthiru, tukapita lango letu lenyewe lililokuwa limefungwa kwa mnyororo. Mahali fulani baada ya Nakuru, jua likiwa tayari limechachamaa kwenye kioo cha mbele, niliona mkono wa baba ukinyooka wenyewe mpaka kwenye tundu la hewa, ukafunguka vidole, ukakaa pale.

Dereva aliona. "Pole, mzee. Hiyo gesi iliisha kitambo."

"Gesi haiishi," baba akasema.

Dereva akangoja, akidhani maelezo yanakuja.

"Imetoka mahali," baba akasema, akaurudisha mkono pajani.

Ndiyo maneno pekee niliyomsikia akiyasema mpaka nyumbani. Tulipofika Timboroa, ukungu ulikuwa umefunika barabara, na nilingoja mtu aniulize tumefika wapi.

Sikumwacha fundi wa Ngong Road amalize kazi. Nilimwambia nimekumbuka mkutano. Alishangaa, kwa sababu alikuwa bado anapaka povu na jicho halijafunguka popote. Aliponirudishia ufunguo alisema, "Pole kwa kucheka, madam. Ni swali tu hatujawahi kusikia." Nikamwambia hakuna ubaya. Niliingia katika msongamano wa jioni nikiwa nimeshusha madirisha yote, na nilipogundua kwamba nimeyashusha yote, ilibidi nisimame kando ya barabara.

Hapo nikampigia baba. Anaishi magharibi sasa. Mikono yake inatetemeka na anafuga kuku. Nilikuwa nimeyapanga maswali yangu kwa mfuatano, kama nifanyavyo kabla ya kumhoji mzee yeyote: la wepesi kwanza, zito la mwisho. Ulimwambia Madam nini pale langoni? Kwa nini mshipi? Kwa nini uliniambia limefunguka?

"Ulipeleka gari?" akauliza kabla sijaanza. Nilikuwa nimemtajia juma lililopita, na yeye hasahau gari.

"Nimepeleka."

"Hawajakujazia tu hivyo hivyo? Walitafuta?"

"Walipaka povu, baba."

"Vizuri." Kuku walilia nyuma yake. Nilimsikia akisogeza kiti, akikaa, akivuta pumzi kwa bidii ambayo niliitambua, kwa mabega, na swali la kwanza, lile jepesi, nikaliacha. "Na jicho," akasema, "limefunguka?"

Kando yangu kiti cha abiria kilikuwa kitupu, kikavu, na mshipi wake ukining'inia.

"Limefunguka," nikasema.

"Basi wazibe. Usikubali litoke hivyo."

"Sawa, baba."

Naye akaniamini, kama mimi nilivyomwamini.